Tupeane uzoefu: uliwahi kuweka kifaa cha waifai kigawe anwani za IP, kilikufikisha wapi?

Mtoa mada, Morogoro

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa mitandao, na hakuna kitu kinachonirudisha kwa wateja kama huu ugawaji wa anwani, yaani namba zinazotambulisha kila kifaa kwenye mtandao. Naanza na langu.

Ofisi ya watu 14, rauta moja, swichi moja (kisanduku cha kuunganisha kebo za mtandao), kila kitu salama. Bosi akanunua rauta ya pili ili waifai ifike vyumba vya nyuma, akachomeka kebo ya kutoka kwenye swichi katika tundu mojawapo la LAN (la vifaa vya ndani), akaenda zake. Kesho yake nusu ya ofisi haina intaneti, nusu inafanya kazi kama kawaida. Nilipoteza saa mbili nikiwalaumu watoa huduma, na bado inaniuma, maana jibu lilikuwa mbele yangu: niliandika ipconfig (amri ya kuonyesha anwani) kwenye laptopu mbili, moja ikaonyesha 192.168.1.23, nyingine 192.168.0.102.

Kompyuta ikiingia kwenye mtandao huuliza wote kwa pamoja, "nani atanipa anwani?" Mara nyingi humfuata anayewahi kujibu. Rauta mpya ilikuwa inawahi, inatoa 192.168.0.x na kujitangaza kuwa yenyewe ndiyo njia ya kutokea kwenda intaneti (gateway), wakati tundu lake la WAN (la kuingizia intaneti) ni tupu. Printa ilikuwa 192.168.1.50, nayo ikapotea kwa waliopewa anwani hizo.

Dawa: chomoa rauta ya pili kwenye mtandao, iunge na laptopu yako peke yake, badili anwani yake iwe 192.168.1.2, ingia tena kwa anwani hiyo, ndipo uzime DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani. Fuata mpangilio huo. Ukizima DHCP kwanza, laptopu haitapewa anwani tena na itabidi uiwekee kwa mkono ndipo uingie. Kisha irudishe, LAN kwa LAN. Hakikisha pia 192.168.1.2 haimo kwenye fungu la anwani ambalo rauta kubwa inagawa.

Mwalimu, Kigoma

Asante mkuu. Langu ni kinyume: mimi sikuwa na anayegawa hata mmoja. Shuleni hatuna intaneti, nikataka Raspberry Pi (kompyuta ndogo) iwe maktaba ya masomo, wanafunzi wasome kwenye vishikwambi kupitia waifai. Nikaweka hostapd ya kurusha waifai na dnsmasq ya kugawa anwani. Jina la waifai linaonekana, nenosiri linakubali, halafu kishikwambi kinakwama kikitafuta anwani ya IP. Jioni nzima!

Kumbukumbu za dnsmasq zilikuwa zinasema wazi kwamba wlan0, yaani waifai ya hiyo Pi, yenyewe haina anwani. Nilikuwa nimemwajiri mgawaji bila kumpa nyumba. Nilipoipa 192.168.4.1 ya kudumu, vishikwambi vikaingia. Vikaingia 19, vitano vikagoma. Nilikuwa nimenakili mfano wenye fungu la 192.168.4.2 hadi 192.168.4.20. Hesabuni wenyewe. Nikapanua hadi .200, wote 24 wakasoma. Wale watoto watano waliokaa wakitazama wenzao sijawasahau, kwa hiyo nawaomba: hesabu vifaa kabla ya kuandika fungu.

Mwenye mkahawa, Mombasa

Ndugu zangu, kwangu mambo huharibika saa kumi jioni. Asubuhi waifai safi, jioni wateja wapya hawaingii. Fungu lilikuwa anwani 100, muda wa kushika anwani saa 24. Mteja akinywa kahawa dakika 20 na kuondoka, anwani inabaki kwa jina lake mpaka kesho. Nikashusha muda hadi saa moja. Tatizo likaisha siku hiyohiyo.

Mchangiaji, Mbeya

Kwa walioifungia printa anwani kwa kutumia MAC (namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe), hiyo ni sawa. Kwa simu, angalieni: Android 10 kwenda juu na iOS 14 kwenda juu hutumia MAC ya kubuni, hivyo ile iliyoandikwa kwenye boksi haitalingana. Zima kipengele hicho kwa waifai hiyo tu.

Mgeni hapa, Tanga

Mtoa mada, shikamoo. Kwetu ni hosteli ya ghorofa tatu, kuna rauta inagawa anwani za ajabu na hatujui iko chumba gani. Tunaipataje?

Mtoa mada

Marahaba. Chukua laptopu iliyopewa anwani hizo za ajabu, tazama njia yake ya kutokea, iite kwa ping (amri ya kuangalia kama kifaa kinajibu), kisha andika arp -a upate MAC yake. Jozi tatu za mwanzo zinakutajia mtengenezaji, utajua unatafuta boksi la aina gani. Kisha nenda kwenye swichi kuu, acha ping ikiendelea, chomoa kebo moja moja. Ping ikikatika, fuata kebo hiyo hadi mlangoni. Swichi yenye kurasa za usimamizi itakuonyesha tundu bila kuchomoa chochote. Ukiipata, mweleze mwenye chumba taratibu. Karibu kila mara alitaka waifai tu, hakujua anagawa anwani kwa jengo zima.