Pini za usalama zina kazi gani nyingine katika kushona na nyumbani?

Swali
Ndugu zangu, nina kopo zima la pini za usalama za kila ukubwa, lakini kazi ninayozipa ni moja tu, kushikiza nguo iliyofumuka. Naomba wenye uzoefu mnielekeze kazi nyingine, hasa kwa kuwa lastiki ya sketi yangu imelegea na sijui nianzie wapi kuibadilisha.

Jibu la 1
Kwenye lastiki ndipo pini inapofaa kuliko kifaa kingine chochote ninachokijua. Fumua upindo wa kiunoni kama sentimita 3, toboa ncha ya lastiki mpya kwa pini, uifunge barabara, kisha uiingize. Ndani ya upindo utaisikia kwa vidole: kusanya kitambaa juu yake, ishike kwa nje, halafu vuta kitambaa nyuma mpaka kinyooke, na urudie hivyo hadi itokeze upande wa pili. Ncha ya nyuma ibane kwenye sketi kwa pini kubwa zaidi, maana ikishazama ndani itakulazimu uanze upya, na mimi yamenikuta mara mbili. Mkanda mwembamba wa kitambaa ulioshonwa kinyume hugeuzwa kwa njia hiyohiyo.

Jibu la 2
Naongeza kwamba pini huokoa kazi ya kupiga bandi, yaani kushikiza kwa mishono ya muda, unaposhona matabaka mazito, mradi uanzie katikati ukielekea pembeni ili kitambaa kisijikunje. Wanaofuma kwa sindano huitumia kushikilia kitanzi kilichochomoka kisiendelee kufumuka. Pia hushika soksi mbilimbili wakati wa kufua, na hufaa kuwa kishikio cha zipu badala ya kile kilichokatika.

Jibu la 3
Tafadhali zichague kwanza. Yenye kutu itupe, kwa sababu doa la kutu kwenye nguo nyeupe ni gumu kulitoa. Kisha fungua kila moja uone kama sindano inaruka yenyewe. Nguvu hiyo hutoka kwenye pete ya waya iliyo mwishoni, ambayo Walter Hunt wa New York aliiweka katika pini aliyoipatia hataza (haki rasmi ya mvumbuzi) mwaka 1849, na ikilegea pini itafunguka mwilini. Kwenye hariri usikisukume kitambaa hadi kwenye pete hiyo, kwani nyuzi hunasa humo na kukatika.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Lastiki imeingia, na ncha ya nyuma niliibana kama nilivyoelekezwa.