Naomba ushauri: Anne Baxter alikuwa mwigizaji mkuu au msaidizi?

Habari zenu wakuu. Jumamosi tuna mdahalo wa filamu hapa Mwanjelwa, Mbeya, nami nimekwama kwenye Oscar za 1951. Bette Davis na Anne Baxter waliteuliwa wote kuwa waigizaji wakuu wa kike kwa filamu moja, All About Eve. Tuzo akabeba Judy Holliday. Mimi natetea kwamba Davis na Baxter waligawana kura, ndiyo maana wote wakakosa. Wapinzani wanasema Baxter alistahili kundi la wasaidizi. Nimehesabu dakika zake, hazinisaidii: pale Eve (Baxter) anapojipima gauni la Margo (Davis) kwenye kioo na kuinama kama anashangiliwa, ni sekunde chache tu, lakini hadithi nzima imo humo. Je, nitumie kigezo gani badala ya dakika? Na hoja ya kura niijengeje, wakati idadi yake haitangazwi?