Salfa ya ruzuku: ifuate mikorosho au kilo zilizofika ghalani?

Wadau wa Mtwara na Lindi, msimu wa kupuliza unabisha hodi na maneno ya salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, yameshaanza vijiweni. Hoja yangu ni moja: salfa ya ruzuku igawiwe kwa kilo alizouza mkulima AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika, siyo kwa idadi ya mikorosho aliyoandikisha.

Mtu ana mikorosho sitini, akiulizwa anasema mia na hamsini. Nani ataingia porini kuhesabu? Kilo ni kazi kuidanganya. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/08, korosho inapimwa chamani, inakwenda ghala kuu, inapigwa mnada, na fedha zinaingia kwa jina la aliyeuza. Vitabu vipo tayari.

Halafu kuna rehani, ambayo viongozi wetu wanaikwepa. Mzee kauguliwa, au mtoto kafaulu kwenda sekondari, mikorosho inawekwa rehani misimu mitatu. Daftarini kwa mtendaji jina ni la mwenye shamba. Anayepalilia, anayejitwika bomba alfajiri umande haujakauka, kajifunga kanga puani ili asivute ule unga wa njano, ni mtu mwingine kabisa. Salfa inatoka kwa jina la asiyekuwa na pa kuipuliza. Ataifanyia nini kama siyo kuiuza? Karibuni.

Wa Liwale: Mleta mada, kangomba umemweka wapi? Yule mnunuzi wa kinyemela anayepita na kibaba wakati wa njaa ndiye mwenye kilo nyingi kitabuni. Mama aliyemuuzia korosho zikiwa bado maua hana hata kilo moja kwa jina lake. Kwa hesabu yako salfa anapewa kangomba! Kumbuka 2018, serikali iliponunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo: ilibidi watu wahakikiwe mashamba kwanza ndipo walipwe, na wengine walisubiri mpaka wakachoka. Kama vitabu vingetosha, uhakiki ungekuwa wa nini?

Wa Newala: Mimi hoja yangu ni ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu tunaoupulizia salfa. Ukishika maua, shamba zima unaambulia debe mbili. Sasa mtu kavuna kidogo kwa sababu ya ugonjwa, na wewe mwakani unampunguzia dawa ya ugonjwa huohuo? Na ule ukungu unapeperushwa na upepo. Jirani asipopuliza, unahamia kwangu.

Wa Lindi mjini: Mimi watu wakiiita ruzuku hii "msaada", neno hilo ndilo linanikera. Ushuru wa korosho ghafi inayokwenda nje unatoka mfukoni mwetu. Kabla ya Sheria ya Fedha ya 2018, asilimia 65 yake ilikuwa inarudi kwenye zao. Tugombanie hilo kwanza, mifuko ya salfa baadaye.

Mleta mada: Wa Lindi, hilo ni la bungeni, lina mada yake. Wa Newala, tuchukue wastani wa misimu mitatu, mwaka mmoja mbaya usimwangushe mtu. Rehani nazo ziandikishwe chamani ili mfuko umfuate anayelihudumia shamba. Kangomba dawa yake ni ukomo: mwenye mikorosho arobaini akileta tani nne, karani anatakiwa amuulize imetoka wapi.

Wa Liwale: Kwa hiyo tumerudi kulekule kuhesabu mikorosho?

Mleta mada: Ndiyo, ila ihesabiwe na kamati ya kijiji, na majina yabandikwe ukutani chamani, kila mtu na idadi yake, wiki mbili kabla mfuko wa kwanza haujashushwa. Afisa wa wilayani utamdanganya. Mtu mliyepakana naye shamba utamwambia nini?

Wa Liwale: Na karani akiwa shemeji yake kangomba?