Naombeni ushauri: bumu halijatoka, darasa linataka mgomo, rais wetu anataka tuandikie TAHLISO

Binti_wa_Nansio:

Wakuu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Niko mwaka wa pili chuo kimoja hapa Mwanza. Sitakitaja, bado nakihitaji cheti chao. Baada ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi, rais wetu aliniteua kuwa Waziri wa Mikopo. Mwenzangu aliyemaliza muda wake alinikabidhi mafaili mawili na kuniambia "Mungu akutangulie", nikacheka. Sasa hivi sicheki. Hakuna wizara inayotukanwa kama hii.

Hali iko hivi. Bumu (hela ya mkopo ya kujikimu) la robo hii, mwaka wa kwanza wamesaini karibu wote. Sisi wa mwaka wa pili na wa tatu, wengi majina hayamo kwenye orodha ya malipo, na wengine majina yamo lakini hela imepungua. Ofisi ya chuo kila ukienda jibu ni "vuteni subira".

Watu wana njaa wakuu, sitanii. Nimepita chumba cha wenzangu wanne, wamebandika sufuria moja ya ugali, dagaa wenyewe wamewahesabu kabla ya kuwaweka kwenye sahani. Mmoja ameshatangaza kuuza viatu vyake vya ngozi alivyonunua kwa ajili ya field, mafunzo kwa vitendo. Kwenye grupu la darasa wameandika Jumatatu hakuna kuingia darasani, tunatoka kwa miguu hadi kwa Mkuu wa Mkoa. Nikisema tusubiri naitwa msaliti, nimelishwa na utawala.

Rais wetu anasema tuiandikie TAHLISO, ndiyo sauti yetu kitaifa. Mimi kusema kweli sijui wanafanyaje kazi. Unawaandikia wanakuja? Wanapiga simu Bodi ya Mikopo? Au ni jina tu? Waliowahi kuwa viongozi naombeni mwongozo kabla ya hiyo Jumatatu.

Sangara_Mkavu:

TAHLISO tena? Mdogo wangu, hao utawaona wamevaa suti wakipiga picha na waziri. Tamko likianza na "tunapongeza juhudi za", zima data ulale. Gomeni.

Waziri_Mstaafu:

Dada hongera na pole. Nilikuwa kwenye kiti hicho hicho chuo kingine miaka iliyopita, na ulichoandika nakifahamu mpaka harufu yake.

Kwanza TAHLISO yenyewe. Ni jumuiya ya serikali za wanafunzi wa vyuo vya elimu ya juu Tanzania. Mwanachama ni serikali yenu, si wewe mmoja mmoja. Kwa hiyo mwanafunzi akiwaandikia peke yake, barua yake haina mguu. Inatakiwa itoke kwa rais wenu, kwa muhuri wa serikali ya wanafunzi. Hapo rais wako yuko sahihi.

Ila amekosea hatua. Hujatuambia hela imekwama wapi, na nahisi nanyi hamjui. Mwaka wa kwanza wamepata, wanaoendelea hawajapata: mara nyingi hiyo inaniambia jambo moja tu, matokeo. Mwanafunzi anayeendelea halipwi na Bodi mpaka chuo kithibitishe kwamba amefaulu kwenda mwaka unaofuata na amesajiliwa. Kuna mwalimu mmoja hajawasilisha alama za somo moja, darasa zima linalala njaa. Sasa niambie, TAHLISO watayatoa vipi matokeo yaliyofungiwa kwenye kabati la mwalimu hapo chuoni kwenu?

Fanya hivi. Kabla ya Jumatatu, zungukeni na wawakilishi wa madarasa mwandike kila ambaye hajalipwa: jina, kozi, mwaka, namba ya mtihani wa kidato cha nne (Bodi humtambua mtu kwa hiyo), na kinachoonekana akifungua akaunti yake ya mkopo mtandaoni. Kisha mtenganishe. Ambaye matokeo yake hayajatumwa ni kesi ya chuo. Ambaye hajakamilisha usajili ni kesi yake mwenyewe, hata kama hapendi kusikia. Mwenye sapu (mtihani wa marudio) au anayerudia mwaka ana utaratibu wake. Ambaye akaunti ya benki imekosewa au imelala, dawati la mikopo la chuo linarekebisha. Wale ambao wamethibitishwa kila kitu na bado hela haipo, au imepungua bila maelezo, hao ndio wa kuwapeleka Bodi. Bodi ina ofisi ya kanda hapo hapo Mwanza, msianze na kupanda basi la Dar.

Utakuta orodha ya watu mia kadhaa imekuwa mafungu matano na kila fungu lina mlango wake. Mkienda na kelele za jumla mtajibiwa kwa jumla: "tunalifanyia kazi".

TAHLISO iandikie sambamba, lakini ombi liwe moja na linalotekelezeka. Waombeni wawaulizie fungu lile la mwisho kwa ngazi ya juu na waulize kama vyuo vingine vina tatizo hilo hilo. Kama lipo vyuo vingi, hapo ndipo umoja wa kitaifa unapokuwa na maana, kwa sababu sasa si kesi yenu, ni sera au mfumo.

Na barua yoyote unayopeleka popote, nakala yako igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Bila hivyo hujapeleka kitu.

Sangara_Mkavu:

Mstaafu unaongea vizuri ila nitajie kitu kimoja ambacho huo umoja umewahi kukileta kikaliwa.

Waziri_Mstaafu:

Mkuu, hela ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku kwa miaka mingi. Kuanzia 2022/23 ikawa 10,000. Kwa siku 60 hiyo ni laki sita badala ya laki tano na kumi. Na ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, ambayo ilikuwa inafanya deni la wahitimu likue kila mwaka, Rais Samia alitangaza kuifuta Mei Mosi 2021. Na alitangazia hapo hapo kwenu, uwanja wa CCM Kirumba.

Sangara_Mkavu:

Umesema mwenyewe, Rais alitangaza, tena kwenye sherehe ya wafanyakazi. TAHLISO wanaingiaje?

Waziri_Mstaafu:

Sijasema ni wao peke yao. Asilimia 6 walilalamika wahitimu, vyama vya wafanyakazi, wabunge, na wanafunzi pia. Kazi ya kampeni iko hivyo, hakuna anayeondoka na kombe. Unarudia jambo lile lile kwenye kila kikao mpaka anayeamua akitafuta zawadi ya kutoa, la kwako liwe mezani. Anayetaka chama kinachoshinda peke yake akashabikie mpira.

Hapo kwenye pongezi lakini nakuunga mkono. Tamko lenye kurasa mbili za pongezi na aya moja ya madai, na mimi linanichosha.

Mama_Buhongwa:

Wanangu naombeni niseme na mimi, maana nina vyumba Buhongwa na wapangaji wangu karibu wote ni wanachuo. Kwenye kaunta buku langu, pale pa tarehe ya kulipa kodi, nimeandika neno moja tu kwa watoto saba: BUMU. Likichelewa kwenu limechelewa na kwangu, na mwenye duka la mchele hapa jirani naye analia.

Binti, usione aibu kuja kwa wenye nyumba. Mwaka mmoja serikali ya wanafunzi ilituletea barua yenye muhuri na majina, wakatuomba tusifukuze mtu hadi mwezi uishe. Mimi nilikubali. Wenzangu wawili walikataa, lakini wengi tulikubali. Mtoto akija peke yake na hadithi zake namwona mjanja tu, maana wapo waliolipwa wakanunua simu. Akija na barua ya viongozi wake namsikiliza.

Wakili_Pori:

Kuhusu hayo maandamano ya kwenda kwa Mkuu wa Mkoa. Sheria ya Jeshi la Polisi inataka anayeandaa mkusanyiko au maandamano atoe taarifa ya maandishi kwa mkuu wa polisi wa eneo saa 48 kabla. Mnaandika kwenye grupu Jumamosi usiku, mnatoka Jumatatu asubuhi, hiyo taarifa ametoa nani? Na kwenye taarifa huwa kuna jina la mwandaaji. Darasani wote ni majasiri, waulizeni nani anaandika jina lake.

Pia soma sheria ndogo za wanafunzi za chuo chenu, ile mliyosaini siku ya kusajiliwa bila kuisoma. Vyuo vingi kushawishi mgomo ni kosa la kusimamishwa masomo. Picha za skrini kutoka kwenye grupu ndizo ushahidi wa kwanza kufika kwenye kamati ya nidhamu. Sikukatazi, nakuambia bei.

Mzee_wa_Kamanga:

Wajukuu marahaba. Nawasoma nikiwa hapa feri nasubiri kuvuka.

Haya hayakuanza na nyie. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao karibu mia nne. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1978 wakatoka tena, safari hii kupinga marupurupu ya wabunge na mawaziri, wakafukuzwa tena kwa mamia.

Baada ya hapo chama chao cha pale chuoni, DUSO, kikafutwa, ikaja MUWATA, Muungano wa Wanafunzi Tanzania, chini ya mbawa za umoja wa vijana wa chama tawala. Kilikuwa cha kitaifa hasa, jina kubwa. Lakini mwanafunzi aliyekuwa na shida na wakubwa alimlalamikia nani, ikiwa msemaji wake anakula meza moja na hao wakubwa? Kilififia, na vyuo vikarudi kuunda vyama vyao.

Kwa hiyo huyo Sangara msimcheke sana. Anauliza swali la zamani. Umoja wa kitaifa mkiuacha bila kuusimamia, unahama nyumba.

Msukuma_Leeds:

Mwadila bhabha. Niko Uingereza kimasomo. Huku kuna NUS, umoja wao wa kitaifa wa wanafunzi, tangu 1922, nayo wanachama wake ni vyama vya vyuo, kama alivyoeleza Mstaafu. Watu huko nyumbani wanadhani huku wanafunzi wakisema serikali inatetemeka. Novemba 2010 NUS pamoja na chama cha wahadhiri walijaza makumi ya maelfu barabarani London kupinga ada kupandishwa hadi pauni 9,000. Desemba bunge likapitisha vile vile.

Nilichokiona kwao kinachofaa kuigwa si maandamano. Viongozi wapya wa vyama vya vyuo wanapewa mafunzo. Waziri mpya wa mikopo hakabidhiwi mafaili mawili na dua. Na wanahoji wanafunzi kuhusu gharama za maisha, kodi, chakula, kisha wanaingia kwenye mazungumzo na takwimu zao wenyewe. Hapo kwetu nani anajua sahani ya wali maharage karibu na chuo ilikuwa shilingi ngapi mwaka jana na leo ni ngapi? Hilo hata Binti anaweza kulianza bila ruhusa ya mtu.

Kijana_Igogo:

Mnaongea kama wazee wa kanisa. Mimi ni mmoja wa hao wenye njaa. Takwimu za wali maharage zitanishibisha?

Binti_wa_Nansio:

Kijana najua, na sijakasirika.

Mrejesho wakuu. Wikiendi tumezunguka na wawakilishi, vyumba kwa vyumba. Mstaafu ulisema kweli, fungu kubwa ni matokeo. Kozi mbili alama hazijaingizwa, na hakuna mtu alikuwa ametuambia. Wengine, naogopa hata kuwaandika, hawajakamilisha usajili kwa sababu hawana hela ya mchango uliobaki, na hela waliyotegemea kulipia ni bumu lenyewe. Hao hata sijui niwaweke fungu gani.

Jumatatu madarasa hayakugomewa, ila watu kama arobaini walikaa nje ya jengo la utawala, kimya, na orodha mkononi. Mshauri wa wanafunzi alitoka. Amekubali waliokwama usajili wapewe barua ya kuahirisha mchango hadi hela iingie. Kwenye matokeo ametaja siku, tutaona. Wenye nyumba tumewaandikia.

Waliopungukiwa hela bila maelezo tumewapeleka ofisi ya kanda, na rais wetu ameandika TAHLISO akiambatanisha orodha hiyo hiyo. Bado hawajajibu.

Waziri_Mstaafu:

Hao waliokwama usajili ndio uwape TAHLISO kama hoja ya pili. Mtu anadaiwa mchango ili asajiliwe, na hawezi kuulipa mpaka asajiliwe alipwe. Hilo haliko chuoni kwenu tu, nakuapia. Waulize mawaziri wenzako wa vyuo vingine hapo Mwanza wakupe idadi zao, mwandike barua moja yenye mihuri ya vyuo vyote.

Sangara_Mkavu:

Hiyo barua ya ofisi ya kanda imepokelewa kwa muhuri au kwa mdomo?

Binti_wa_Nansio:

Kwa muhuri, kaka. Dada wa mapokezi alitaka kuiweka tu kwenye trei, nikamwambia siondoki. Ya vyuo vingine naanza kesho, kama kuna mtu ana namba ya waziri wa mikopo wa chuo chochote cha jijini aje PM.