Walimu wa Gredi ya Kwanza hawafikiki: sisi wazazi wa Nakuru tuzungumze na nani?

Wazazi wenzangu, pamoja na walimu ambao najua mnasoma hapa,

Ninaandika nikiwa na hasira, wala sitaificha. Katika shule ya umma anakosoma mwanangu, na kwa jinsi majirani wa Kaptembwo na Rhonda wanavyonisimulia kuhusu shule za watoto wao, mzazi mwenye mtoto wa miaka sita au saba hana njia yoyote ya kuzungumza na mwalimu wa darasa. Anaweza kulipa, anaweza kununua vifaa, anaweza kutia sahihi kwenye shajara, lakini kuketi na mwalimu kwa dakika kumi na kumwambia, "Mwalimu, mtoto wangu ana tatizo hili," hilo halipo.

Langoni mlinzi anakuandika jina, nambari ya kitambulisho na sababu ya kuja katika daftari la wageni, kisha anakuarifu kwamba mwalimu yuko darasani na kwamba urudi wakati wa mapumziko. Ukirudi wakati wa mapumziko, mwalimu anasahihisha vitabu. Ukirudi jioni, ameshaondoka. Wengi wetu ni watu wa kibarua. Kuna kina mama wanaoondoka nyumbani kabla ya alfajiri kwenda kuchukua mboga soko la Wakulima, na wengine wanapanda magari ya mashamba ya maua wakati watoto wangali wamelala. Mtu wa aina hiyo akiomba ruhusa ya nusu siku anakatwa pesa, na inauma sana kukatwa pesa ili ukasimame nje ya geti ukiambiwa urudi kesho.

Tunaambiwa kwamba kila kitu kiko kwenye kundi la WhatsApp. Kundi lenyewe limefungwa kiasi kwamba wasimamizi pekee ndio wanaoweza kuandika, na wanachoandika ni pesa za karatasi za mtihani, pesa za chakula cha mchana na orodha ya vifaa vya kazi ya mikono. Sote tunafahamu kwamba Sh1,420 ambazo serikali hutengea kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka hazitoshi, na sikatai kuchangia. Ila mzazi mwenye kabambe, ile simu ndogo isiyo na WhatsApp, hata ujumbe huo haumfikii, na mwenye simu nzuri hawezi kujibu. Mawasiliano ya upande mmoja si mawasiliano.

Niwaeleze jambo lililonifanya niandike leo. Mwanangu alitoka usaha sikio la kulia kwa muda mrefu, tukamtibu katika kituo cha afya, na aliyemhudumia akatueleza kwamba atasikia kwa shida upande huo hadi sikio lipone vizuri. Akatuandikia karatasi: mtoto akae dawati la mbele, upande ambao sikio lake zima litamwelekea mwalimu. Ni ombi dogo, halina gharama. Nilikwenda nayo shuleni, nikazuiwa langoni kama kawaida, na mlinzi akaniambia nimpe mtoto aipeleke mwenyewe. Mtoto wa miaka sita ndiye aliyefanywa tarishi wa karatasi ya hospitali! Nikaikunja, nikaibana kwa pini kwenye ukurasa wa kwanza wa shajara, juu yake nikaandika ombi langu kwa adabu zote, pamoja na nambari yangu ya simu. Jioni shajara ilirudi karatasi ikiwa imebanwa kwa pini ile ile, haijafunguliwa, na pembeni ina doa la uji. Nikaiacha hapo hapo kwa matumaini kwamba siku moja ingefunguliwa, na ikawa inakwenda shuleni na kurudi vivyo hivyo.

Mwisho wa muhula tukaletewa ripoti. Kwenye Kusikiliza na Kuzungumza mwanangu alipewa "Chini ya matarajio", na chini yake kuna maandishi ya kalamu nyekundu: "Hasikilizi. Mzazi aongee naye." Nilisoma maneno hayo nikatetemeka. Aongee naye nani? Mzazi huyu amekuwa akitafuta kuongea na mwalimu muhula mzima, na jibu la kwa nini mtoto hasikilizi limekuwa likilala ndani ya shajara ambayo mwalimu huyo huyo anatakiwa kuikagua. Mtoto mwenyewe alianza kukataa kwenda shule, akisema kwamba mwalimu anamgombeza kwa kutoitika akiitwa. Hadi sasa anaketi dawati la nyuma, karibu na dirisha linalotazama barabara yenye kelele za matatu. Nililiona dawati hilo siku ya mkutano wa wazazi, ambao ulihusu chakula na ukarabati wa vyoo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walimu wa madarasa walitambulishwa mmoja mmoja, wakasimama, wakapunga mkono, wakaketi. Mkutano ulipofungwa nilikimbia kumtafuta wa kwetu, nikaambiwa walimu wana kikao chao.

Asiniambie mtu kwamba mambo hayawezi kuwa tofauti, kwa maana mwaka uliopita mwanangu alikuwa PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, ndani ya kiwanja hicho hicho. Mwalimu wake, ambaye ameajiriwa na kaunti kama walimu wa chekechea za umma, alikuwa anasimama mlangoni wakati wa kuwachukua watoto na kumkabidhi kila mtoto kwa mtu wake, na katika kumkabidhi alikuwa na neno: leo hakumaliza uji, leo ameanguka, leo amesoma silabi zote. Alinijua kwa jina la mwanangu. Mtoto anapovuka kwenda Gredi ya Kwanza, chini ya walimu wa TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu, mlango unafungwa ghafla, kana kwamba katika likizo moja ya Desemba amekua mtu mzima wa kujieleza.

Na hapa ndipo ninapokasirika zaidi. Mtaala huu wa umilisi, CBC, ulipoanza katika gredi za chini mwaka 2019, tulielezwa kwamba ushiriki wa wazazi ni mojawapo ya misingi yake. Ni kwa msingi huo tunakesha tukitengeneza wanasesere kwa makaratasi na kukimbia saiba usiku kuchapisha picha za wanyama. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inanifanya mkosaji nisipompeleka mtoto shuleni, na sheria hiyo hiyo inaunda chama cha wazazi katika kila shule, ambacho miongoni mwa kazi zake ni kudumisha uhusiano mwema kati ya walimu na wazazi. Chama chetu kimekuwa cha kukusanya pesa tu. Sijawahi kusikia mwakilishi wa gredi yetu akiuliza ni lini mzazi anaweza kumwona mwalimu.

Najua walimu watajibu kwamba madarasa yamejaa, kwamba mwalimu mmoja hawezi kupokea simu za wazazi wote, na kwamba wapo wazazi wanaopiga simu saa nne za usiku au wanaokuja kupiga kelele mbele ya watoto. Hayo ni kweli, na mzazi anayemtukana mwalimu anatuharibia sote. Lakini darasa likijaa ndivyo mwalimu anavyohitaji zaidi kuambiwa na mzazi mambo ambayo hawezi kuyaona mwenyewe. Mtoto wa darasa la juu atasema, "Mwalimu, sisikii." Wa miaka sita hajui kwamba wengine wanasikia kuliko yeye.

Kuna pia hofu ambayo hatuisemi hadharani. Nilipotaka kwenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu, mzazi mwenzangu alinishika mkono akaniambia, "Baba, usimkasirishe mwalimu, mtoto ndiye atakayelipa." Viboko vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini mtoto anaweza kuadhibiwa kwa kupuuzwa na kwa kutoitwa kujibu swali hata akiinua mkono. Kwa hofu hiyo wazazi wengi wananyamaza, halafu shule inasema haijapokea malalamiko yoyote.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa mwenyekiti wa halmashauri ya shule na kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo. Ninaomba mambo matatu tu: saa moja kila wiki, iliyobandikwa langoni, ambapo mwalimu wa darasa wa Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu anaweza kuonwa na mzazi, na angalau mara moja kwa mwezi saa hiyo iwe Jumamosi asubuhi kwa ajili ya wanaofanya kibarua, shajara ifunguliwe na kutiwa sahihi na mwalimu kila wiki, jinsi sisi tunavyodaiwa sahihi kila jioni, na karatasi yoyote ya hospitali ipokelewe ofisini na kuandikwa kwenye daftari, isiachiwe mtoto. Barua itapelekwa Jumatatu. Mzazi wa gredi za chini aliye tayari kutia sahihi aniandikie kabla ya Jumapili jioni, na mwalimu anayeona kwamba saa moja kwa wiki haiwezekani atueleze hapa hapa ni kwa nini.