Hofu ya umma inaua, na wanaokufa kwa ajili yake hawahesabiwi. Tujadili

MLETA MADA: Wakuu, hoja yangu ni hii. Mamlaka ikiamua jambo kwa kufuata hofu ya watu, mara nyingi madhara yanazidi yale yaliyoogopwa. Sisemi wananchi ni wajinga. Nasema gharama ya hofu haiandikwi popote.

Chukueni Uingereza, Oktoba 1995. Kamati ya usalama wa dawa ilitoa tahadhari kwamba vidonge vipya vya uzazi wa mpango vinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Maradufu! Nani asingeshtuka? Wanawake wengi wakaviacha. Sasa tazama namba zenyewe: kwa vidonge vya zamani, tatizo hilo lilimpata mwanamke 1 kati ya 7,000, kwa vipya, 2 kati ya 7,000. Basi. Mwaka uliofuata, utoaji mimba Uingereza na Wales unakadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Na ujauzito wenyewe unagandisha damu kuliko vidonge vile, kwa hiyo waliruka majivu wakakanyaga moto. Kamati haikudanganya; ilitaja uwiano ikaacha idadi, vyombo vya habari vikamalizia kazi.

Au Marekani baada ya Septemba 11, 2001, magaidi walipoteka ndege nne. Watu waliogopa ndege, wakashika usukani. Mwanasaikolojia Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba miezi 12 iliyofuata ajali za barabarani ziliua watu kama 1,500 zaidi ya kawaida, karibu mara sita ya wahanga waliokuwa ndani ya zile ndege nne. Hao hawajajengewa mnara. Walikufa mmoja hapa, wawili kule, kila familia ikaona ni ajali yake tu.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, umechagua mifano inayokubeba. Na ile ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe, nchi hiyohiyo ya Uingereza? Mwaka 1990 waziri wa kilimo, John Gummer, alisimama mbele ya kamera akimpa binti yake mdogo baga, kuonyesha kwamba nyama haina shida. Walioogopa wakaonekana hawaelewi sayansi. Machi 1996 serikali hiyohiyo ikatangaza kwamba ugonjwa huo huenda umeingia kwa binadamu. Waliokufa huko wamefika 178.

Sasa mtu aliyeona hilo, kesho ukimletea namba zako, akuamini kwa lipi? Mnachokiita hofu mara nyingine ni kumbukumbu. Na tahadhari imeokoa: dawa ya thalidomide, iliyotumiwa na wajawazito, ilisababisha watoto zaidi ya 10,000 duniani kuzaliwa na ulemavu, lakini Marekani ilikwepa sehemu kubwa ya janga kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa mamlaka ya dawa, alikataa kuipitisha mwaka 1960 na kuendelea, kampuni ikimsukuma kila kukicha.

MLETA MADA: La Gummer nakubali, ile baga imeharibu mengi. Ila Kelsey usimtie kundi la hofu. Aliomba ushahidi, hakuletewa, akakataa. Hicho ndicho ninachodai.

Nije kwa Fukushima, Japani, 2011, mtambo wa nyuklia ulipoharibika na kuvujisha mionzi. Tetemeko na tsunami viliua watu zaidi ya 18,000. Mionzi? Kifo ambacho serikali ya Japani imekubali kukihusisha nayo ni kimoja, mwaka 2018, cha mfanyakazi wa mtambo. Lakini mkoani Fukushima watu zaidi ya 2,000 wameorodheshwa kufa baadaye kutokana na maafa, wengi wao wazee, na sababu kubwa ni kuhamishwa kukimbia mionzi. Wagonjwa wasioweza hata kukaa walipakiwa kwenye mabasi bila wauguzi wa kutosha, safari ikachukua saa nyingi. Wengine walifia njiani.

MCHANGIAJI WA PILI: Naongeza jambo moja. Kiongozi akihamisha watu elfu moja, hamsini kati yao wakafa njiani, ataitwa mwangalifu. Asipohamisha na mionzi ikaua watano, anaburutwa mahakamani. Wewe ungekuwa yeye ungechagua lipi? Tatizo haliko kwenye vichwa vya wananchi pekee, liko kwenye adhabu.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Safi. Basi mleta mada ajibu kama kiongozi. Ni Machi 14, 2011, mlipuko wa pili umevunja jengo la kinu, hujui kama wa tatu unakuja. Wagonjwa wale unawaacha ndani?

MLETA MADA: Nawaacha, siku mbili tatu. Watoto na wenye nguvu waondoke kwanza. Hospitalini madirisha yafungwe, waingie wauguzi wa kujitolea wenye vipimo vya mionzi, dawa na maji viingie nao. Mabasi ya kawaida hayaji kabisa. Yanakuja magari yenye vitanda, na hospitali ya kuwapokea iwe imeshathibitisha nafasi kabla injini haijawashwa. Na ningetangaza hadharani, siku hiyohiyo, kwa nini nimefanya hivyo na wangapi nadhani wangefia barabarani. Mkitaka kunishtaki baada ya hapo, hesabu mtakuwa nayo.