Kofia za jua za wakulima wa Ulaya, miaka ya 1500: nishone za namna gani?

Fundi wa Ngamiani
Wadau, habari zenu. Mimi fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Kikundi cha vijana waigizaji kimenipa kazi ya mavazi: wakulima wa Ulaya wa miaka ya 1500, watu 11, wanavuna ngano juani. Magauni na suruali nimeshakata. Kofia ndizo zimenishinda. Jumamosi nilinunua pama sokoni, lile la kukunjwa pembeni, nikamvisha mmoja wao. Wenzake wakaangua kicheko, mpaka leo wanamwita sherifu. Niliona haya, mtu mzima mie. Hao wakulima walivaa nini hasa?

Mvishaji, Bagamoyo
Pole fundi. Pama hilo ni la wachunga ng'ombe wa Marekani, miaka ya 1800. Limechelewa karne tatu!
Tafuta kwenye simu picha za Pieter Bruegel, mchoraji wa Flanders. Mwaka 1565 alichora wavunaji wa ngano: wengine wanakula chini ya mti, mmoja kajilaza chali, miguu kaitanua. Mwaka huohuo akachora watu wanaokusanya majani ya mifugo, wanawake watatu wanapita na reki zao. Kofia za mabua utaziona: ukingo mpana, hazina mapambo ya maana. Halafu wanawake hujifunga kwanza kitambaa cheupe cha kitani, kofia ikakaa juu yake. Hicho usikisahau, ndicho kinachomfanya mtu awe wa zama zile. Kitani huna? Amerikani inatosha, ila ifue kwanza ilegee.

Msomaji wa usiku
Kama kuna tukio la Jumapili, mabua yakae pembeni. Uingereza mwaka 1571 ilitungwa sheria kwamba kila aliyezidi miaka 6, ukiacha mabwana na watu wa vyeo, avae kofia ya sufu Jumapili na sikukuu, ili watengeneza kofia wapate riziki. Ilifutwa 1597.

Fundi wa Ngamiani
Sufu kwa joto la Tanga? Hao vijana watazimia jukwaani. Tubaki shambani. Sasa mabua ya ngano nayatoa wapi?

Mama Ukili, Pangani
Mwanangu, mabua ya nini na ukindu upo? Wao walisuka mabua, sisi tunasuka ukili, ule utepe mrefu wa ukindu wa kushonea mikeka, kazi ni ileile. Chukua ukili usiotiwa rangi, upana wa vidole viwili. Anzia utosini, zungusha kama konokono huku unashona ukingo juu ya ukingo. Ukitaka kushuka ubavuni, vuta ukili ukaze. Ukifika kwenye ukingo wa kofia, ulegeze, utafunguka wenyewe. Ukivuta hapo utapata bakuli. Ikiisha, inyunyizie maji, ivike juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi, ilale hapo usiku kucha. Na usiianike juani ikiwa mbichi! Mie moja ilinipinda ikawa kama kipande cha mnazi.

Fundi wa Ngamiani
Shikamoo mama. Kofia moja inakula ukili kiasi gani?

Mama Ukili, Pangani
Marahaba. Pima tano, yaani mikono miwili ukiinyoosha mara tano, weka ya sita ya akiba.

Fundi wa Ngamiani
Basi pima 66. Mama, usiuze kwa mtu, kesho napanda basi la asubuhi. Na hili pama la sherifu nakuletea, ukalivae shambani.